Aliacha kutetemeka, tukadhani amepona: jibu kwa mwalimu wa skauti wa Mbeya

*"Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mbeya, nalea kikundi cha skauti wa miaka 15 hadi 18. Kila mwaka mwezi wa saba tunaingia msitu wa Mlima Rungwe kutwa nzima kujifunza maisha ya porini: kuwasha moto, kufunga kamba, kujenga kibanda, kusoma njia. Mwaka jana manyunyu yalitukuta juu. Msichana mmoja alitetemeka sana, baadaye akaacha kutetemeka, akawa mpole, akasema anataka kukaa tu. Tukashukuru, tukidhani amepona. Mzazi aliyetusindikiza akampa kifuniko cha pombe kali apate joto, wenzake wakamsugua mikono na miguu. Tulihangaika na moto zaidi ya saa nzima, ukakataa. Mwishowe tukambeba hadi chini. Zahanati wakampima malaria, hana. Alikuja kupona. Mwaka huu wazazi wananiuliza nami sina la kuwajibu. Ilikuwa nini? Nibebe jiko la mkaa tuliweke ndani ya kibanda cha turubai? Kuna namna ya kupekecha moto kuni zikiwa zimelowa? Na yule binti, aje au abaki? Sisi ni watu wa baridi, tumezaliwa nayo, sikutegemea haya."*

Marahaba, Mwalimu. Nianze na lile linalokusumbua zaidi, ingawa umelificha katikati ya maswali mengine: ilikuwa nini. Kwa maelezo yako, ile haikuwa homa. Joto la mwili wa binti lilikuwa linashuka kupita kiasi, na siku ile mlikuwa karibu na hatari kuliko mlivyojua. Kumbeba chini ndilo jambo lililomfaa kuliko yote mliyoyafanya.

Mwili wa binadamu hufanya kazi vizuri ukiwa na joto la nyuzi 37 hivi. Likishuka chini ya nyuzi 35 ndani ya kifua na tumbo, tunasema mtu ameshikwa na baridi ya hatari. Kutetemeka ni kazi inayofanywa na misuli kwa makusudi ya kuzalisha joto, na kazi hiyo inakula sukari iliyohifadhiwa mwilini. Mtu anayetetemeka kwa nguvu bado anapigana. Akiacha, kuna mambo mawili. Ama amepata joto kweli, na hapo utamwona anachangamka, anaongea vizuri, anadai chakula. Ama nguvu imemwishia na mwili umeshindwa kuendelea, na hapo anapoa, anakuwa mpole, maneno yanamtoka kwa kuburuta, anataka kukaa au kulala, na ukimuuliza kama ni mzima anakujibu kuwa ni mzima. Kwa kawaida kutetemeka hufifia joto la ndani linapokaribia nyuzi 32. Upole ule uliowapa faraja ndio ungewashtua.

Hili lifundishe skauti wako kabla ya fundo lolote la kamba: mwenzako akianza kujikwaa kwenye njia sawa, akiangusha vitu, akilalamika kwamba vidole haviwezi kufunga kifungo, ulimi ukiwa mzito, au akinuna na kunyamaza wakati si kawaida yake, msafara unasimama. Hamngoji aseme. Baridi inaharibu akili ya kujitambua mapema, kwa hiyo mgonjwa ndiye wa mwisho kujua.

Kuhusu malaria, zahanati walifanya sawa kupima, na ningewashangaa wasingepima. Mtu anaweza kuwa ametoka Kyela kwa bibi yake wiki mbili zilizopita na vimelea vikamwamkia mlimani. Lakini kuna tofauti unayoweza kuigusa kwa mkono. Wa malaria hutetemeka huku joto lake likipanda. Ukipenyeza kiganja chini ya nguo hadi tumboni utakuta pamoto. Aliyepoa, hata tumbo na kwapa ni baridi. Usitegemee kipimajoto cha kioo cha nyumbani, kwa sababu vingi vinaanza kuhesabu kwenye 35 na kwenda juu, kwa hiyo mtu wa nyuzi 33 kitamwonyesha kama vile hakijamgusa.

Sasa hili la kuzaliwa na baridi. Nalisikia Mbeya, nalisikia Makete, nalisikia Mafinga. Ni kweli mtu wa nyanda za juu hukereka kidogo na asubuhi ya Julai kuliko mgeni aliyeshuka juzi kutoka Dar es Salaam. Ila mazoea hayo ni ya kuvumilia, na zaidi ni ya mavazi na nyumba. Hayakupi ngozi isiyopitisha joto. Tena wenyeji ndio wanaopanda na fulana moja, kwa sababu mgeni anaogopa na anabeba sweta mbili.

Tatizo la Rungwe ni kwamba anga la mjini halikuambii habari za mlimani. Jiji la Mbeya liko kwenye mita 1,700 hivi, na kipupwe chake ni kikavu: usiku unauma, mchana jua linawaka. Mlima Rungwe unafika takriban mita 2,960, na umeutazama upande wa Ziwa Nyasa. Upepo wa kusi unaokuja na unyevu kutoka ziwani unapanda huo mteremko, unapoa, na unageuka ukungu na manyunyu. Ndiyo maana Tukuyu, mji ulio chini ya mlima huo, hawana mwezi wa kuaminika kuwa mkavu. Kila mnapopanda mita 100, hewa inapoa kwa zaidi kidogo ya nusu nyuzi. Mkiacha nyuzi 21 mjini saa sita mchana, kwenye mita 2,700 tarajieni 15 hivi chini ya miti, na pungufu ya hapo kukiwa na ukungu. Nyuzi 15 haisikiki kama baridi ya kuua, na kwa mtu mkavu aliyekula, haiui. Kwa mtu aliyelowa, amechoka na upepo unampiga, hiyo inatosha kabisa. Msidhani mpaka mtu aone sakitu, yaani umande ulioganda, kwenye majani, kama kule Kitulo, ndipo ahesabu kuwa yuko hatarini.

Na hapa ndipo lilipo jibu la karibu maswali yako yote: maji. Maji yanabeba joto kutoka mwilini kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa iliyotulia. Halafu nguo iliyolowa inaendelea kukauka mwilini, na kila tone linaloondoka linaondoka na joto. Ndiyo kazi ya mtungi: maji yanavuja kidogo kwenye udongo, yanakauka kwa nje, ya ndani yanapoa. Kijana aliyevaa jinzi na fulana ya pamba iliyolowa, amesimama kwenye upepo wa mlimani, amejigeuza mtungi.

Kwa hiyo kagua mavazi siku moja kabla, shuleni, mbele yako. Jinzi zibaki nyumbani zote. Zinakunywa maji, zinakuwa nzito na hazikauki. Ngozini pakae jezi ya mpira, ile nyepesi inayokauka haraka. Juu yake sweta la sufu au lile la manyoya manyoya linalouzwa mitumba pale Mwanjelwa kwa bei ya mwanafunzi. Sufu na manyoya hayo hubaki na joto kiasi hata yakilowa, pamba haibaki. Juu kabisa kitu kisichopitisha maji. Asiye na koti la mvua akatiwe nailoni ya mita, ile ya kufunikia mazao, atoboe tundu la kichwa. Haipendezi, lakini inazuia mvua na upepo kwa pamoja. Kofia kwa kila mtu. Na katika begi, ndani ya mfuko uliofungwa vizuri, fulana kavu, soksi kavu na sweta la pili ambalo haliguswi mpaka dharura au mpaka mmesimama. Vijana watalivaa wakati wa kupanda kwa sababu ni zuri, wakataze. Kupanda umevaa kila ulicho nacho kunaleta jasho, na jasho ni maji yale yale.

Chakula nacho ni joto. Nimeona safari za shule zinazoondoka saa 12 alfajiri na chai ya rangi tupu, zikipanga kula wali saa 9 zikisharudi. Huyo mwanafunzi atatetemeka kwa sukari ipi? Ale uji mzito na kitu cha kutafuna kabla ya kuondoka, kisha mfukoni awe na karanga, viazi vya kuchemsha, maandazi, kipande cha sukari guru, na ale kidogo kidogo njiani bila kungoja amri. Maji pia, maana kwenye baridi kiu haisikiki. Mkichota ya kijito, yachemsheni. Kule juu maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100, kwa hiyo yaacheni yatokote dakika 3.

Turudi kwa binti, maana najua wazazi watauliza hatua kwa hatua. Ile pombe. Ndugu yetu aliyempa alikuwa na nia njema, na karibu kila mtu anaamini hivyo kwa sababu pombe kweli inaleta hisia ya joto. Hisia hiyo inatokana na mishipa midogo ya damu kufunguka chini ya ngozi. Damu ya moto inatoka ndani, inakuja nje, wewe unasikia moto, kumbe joto lililobaki linaenda kumwagwa hewani. Juu ya hapo pombe inapunguza kutetemeka, inaweza kushusha sukari ya damu, na inaharibu busara. Na hili liwafikie ndugu zangu wa Iringa na Njombe wanaoamini ulanzi ni koti: ulanzi nao ni pombe. Unyweeni mkiwa nyumbani.

Kusugua mikono na miguu pia kuachwe. Mwili ukipoa unafunga damu ya viungo ili kulinda moyo na ubongo. Damu iliyokaa miguuni imepoa. Ukisugua kwa nguvu, au ukamsimamisha mtu atembee wakati ameshafika kwenye ule upole, unairudisha damu baridi kifuani kwa haraka, na moyo uliopoa ni mwepesi kuvuruga mapigo. Kwa sababu hiyo hiyo hatutupi mgonjwa begani kama gunia. Tunambeba amelala, taratibu, bila kumtingisha.

Kinachofaa kinaanza na kumtoa kwenye upepo na mvua, na kumnyanyua kutoka ardhini. Wengi wanafunika juu wanasahau chini, na ardhi yenye unyevu inafyonza joto mchana kutwa bila kuchoka. Mlaze juu ya mabegi, kamba, majani makavu, chochote. Mvue zilizolowa mkishakuwa chini ya kifuniko, mvalishe kavu, kisha mzungushie blanketi au masweta, na nje ya vyote hivyo nailoni, kichwa kikiwa kimefunikwa na uso wazi. Kama hamna nguo kavu, mfungeni nailoni juu ya zilizolowa; angalau zitaacha kukauka mwilini. Mwenzake mwenye joto alale ubavuni mwake, wasichana kwa msichana, wavulana kwa mvulana. Chupa za maji moto zilizovikwa soksi ziwekwe kwapani na kifuani, zisigusane na ngozi moja kwa moja. Akiwa macho, anajibu vizuri na anameza bila shida, mpe chai au uji wenye sukari nyingi. Akiwa anasinzia au anababaika, usimtie kitu mdomoni.

Yule ambaye bado anatetemeka vizuri na akili yake iko sawa, akishakula, akavaa kavu na kupumzika kama nusu saa, anaweza kutembea mwenyewe kushuka huku mkimwangalia. Yule aliyeacha kutetemeka, au anayeongea ovyo, ni wa hospitali, hata kama mkifika barabarani anaonekana kachangamka. Pigeni 112 au 114 ya Zimamoto na Uokoaji, lakini msingojee tu: mtu mmoja mzima na vijana wawili wenye nguvu wateremke hadi mahali penye mtandao wakiwa wameandika mlipo. Simu iwekwe mfuko wa ndani karibu na mwili, maana betri hudhoofika ikipigwa na baridi.

Jiko la mkaa ndani ya turubai: hapana, Mwalimu. Nalisema bila kulipamba kwa sababu kila kipupwe kwenye mikoa yetu watu wanaingiza jiko chumbani, wanafunga mlango, asubuhi hawaamki. Mkaa unaoungua kwenye hewa haba unatoa kaboni monoksaidi. Haina harufu wala rangi, haikohozeshi. Inajishikiza kwenye damu kwa nguvu ya zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo kidogo tu kinatosha kuijaza nafasi. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, ulegevu na usingizi, yaani zile zile unazoweza kuzidhania ni baridi na uchovu, na ukasogeza mgonjwa karibu zaidi na jiko. Kama mnataka jiko kwa ajili ya chai, likae nje kabisa ya kibanda, mahali panaporuhusiwa. Chupa ya chai iliyojazwa nyumbani ingewasaidia zaidi mwaka jana kuliko jiko lolote.

Na kwa kuwa tumegusa gesi, eneo la Rungwe lina jambo lake la pekee. Mlima huu ni volkano, na ardhi ya wilaya hiyo inatoa kaboni dayoksaidi, kiasi kwamba kuna mahali inavunwa kwa biashara. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na inatuama mabondeni. Hewa ya baridi nayo inatuama huko huko. Msijenge kibanda wala kupumzika ndani ya shimo au bonde dogo lililozibwa pande zote, hata kama linaonekana limejikinga na upepo. Mkikuta ndege au wadudu wamekufa mahali pa chini, ondokeni mpande juu, na mwenyeji wenu atawaambia maeneo ya kuepuka.

Sasa moto, ambao najua ndio vijana wanaoupenda. Niseme kwanza kwa nini ulikataa. Kuni iliyolowa lazima ifukuze maji kabla haijashika. Kugeuza kilo moja ya maji yaliyokwisha chemka kuwa mvuke kunakula zaidi ya mara tano ya joto la kuyachemsha kutoka kwenye ubaridi wa barafu. Kimoto chenu cha njiti chache hakina mtaji huo. Ukikipa kuni nene iliyolowa, unakizima kwa mkono wako. Kosa la pili linalozoeleka ni haraka: watu wanakusanya vijiti kwa dakika tano, wanapiga kiberiti, moto unashika, wanakimbia kutafuta kuni nyingine, wakirudi umekufa.

Kuni kavu ipo hata siku ya mvua, ila haiko chini. Iko kwenye mti mwembamba uliokufa ukiwa umesimama, au tawi lililonasa hewani. Nje umelowa, moyo ni mkavu. Panga linakaa juu ya kichwa cha kuni, unaligonga mgongoni kwa kipande kingine cha mti mpaka kuni inapasuka, unaendelea kuchana mpaka umepata moyo. Kutoka hapo unachonga vibanzi vyembamba kwa vinene: mafungu matatu, unene wa njiti ya kiberiti, wa penseli, wa kidole gumba, kila fungu lijae mikono miwili. Hakuna kuwasha kabla mafungu hayajatimia. Chini unatandika vijiti ili moto usikae kwenye matope. Kama mko karibu na mashamba ya misindano, kisiki cha zamani kilichojaa utomvu ni zawadi. Kipande chake kinawaka hata kikiwa na unyevu. Nje ya hapo beba kipande cha mshumaa, na ukanda wa tyubu ya baiskeli kutoka kwa fundi. Tyubu inanuka na moshi wake ni mchafu, lakini inashika kwenye manyunyu na kuendelea kuwaka muda wa kutosha. Kiberiti cha njiti kikae kwenye chupa ya plastiki iliyofungwa. Kile cha gesi kinazembea kikipoa. Kipashe kwapani kwanza.

Kupekecha moto kwa vijiti vilivyolowa hakuwezekani, na sitaki vijana wako wadanganywe na video. Msuguano unasaga unga wa mti, unga unakuwa mweusi, unatoa moshi, na ukikusanyika ukiwa na joto la kutosha unakuwa kaa dogo unalolihamishia kwenye fungu la nyasi kavu na kulipuliza. Unga wenye unyevu haufiki hapo. Joto lote linaishia kukausha. Wazee waliokuwa wakipekecha hawakuokota kijiti mvuani. Walikuwa na vijiti vyao vilivyokaushwa siku nyingi, vimehifadhiwa juu ya jiko. Ukitaka somo hili, na ni somo zuri sana, mtafute mzee anayejua aje shuleni na vijiti vyake. Vijana wajifunze hapo uwanjani mpaka viganja viote malengelenge.

Nimesema shuleni kwa makusudi. Msitu wa Rungwe ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Kuingia kunahitaji kibali na malipo, na kuwasha moto au kukata mti humo si jambo la kujiamulia, hata kwa elimu. Ndimo anamoishi kipunji, nyani ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 2003 tu, na hana msitu wa akiba wa kuhamia. Juu ya hapo, kuanzia Juni hadi Oktoba ndio msimu wa mioto kwenye nyanda zetu: upande mmoja wa mlima manyunyu, upande wa pili nyasi zimekauka zinangoja cheche. Kwa hiyo somo la moto lihamie shuleni, na lifanyike siku ya mvua ya Machi au Aprili, siku ambayo kila mtu angependa kubaki darasani. Atakayewasha moto hiyo siku ameujua.

Kuna sababu nyingine ya kutouwekea moto matumaini yote, nayo ndiyo ningependa wazazi waielewe. Kinachopotea mapema kabisa mtu anapopoa ni ufundi wa vidole. Yule anayehitaji moto zaidi ndiye asiyeweza kuchonga kibanzi wala kushika njiti. Kifuniko na nguo kavu havihitaji vidole hivyo. Ndiyo maana mafunzo yangu kwa waongoza wageni huanza na turubai, na moto unafuata kama kuna muda.

Zoezi lenyewe ni hili. Kila kundi la watu sita liwe na turubai jepesi la mita tatu kwa nne, kamba mita kumi, na mifuko miwili ya salfeti iliyojazwa majani makavu kutoka nyumbani na kufungwa ndani ya nailoni. Ukipuliza filimbi bila taarifa, kamba inafungwa kati ya miti miwili kwa usawa wa kiuno, turubai linatupwa juu, upande mmoja unashikizwa chini kwa mawe ukiwa umeupa mgongo upepo, salfeti zinatandikwa, na wote sita wamekaa juu yake wamebanana. Kabla ya kufunga, mmoja anatazama juu: tawi lililokufa linaloning'inia likianguka halina msamaha. Rudieni mpaka wanaweza kufanya hivyo kwa dakika tano, wakiwa wamevaa soksi mikononi kuigiza vidole vilivyokufa ganzi. Watacheka sana. Mwaka jana, turubai moja lililofungwa upesi pale manyunyu yalipoanza lingewapa nafasi ya kumvalisha kavu kabla hajafika alipofika.

Nenda basi, ila usiende kileleni. Tembeeni sehemu za chini za Rungwe, au njia ya Ziwa Ngozi, ambayo si ndefu ingawa ina mteremko mkali na utelezi kwenye ukingo. Chukueni mwenyeji anayeijua njia. Ingieni mapema, na kabla ya kuondoka tangaza saa ya kugeuka, saa 7 mchana kwa mfano, ambayo haijadiliwi hata kama kilele kinaonekana. Mwezi wa saba jua linazama saa 12 na nusu hivi, lakini chini ya miti giza linatangulia. Mkuu wa shule na mzazi mmoja wabaki na karatasi yenye njia, majina na saa ambayo wasipowasikia waanze kupiga simu. Manyunyu yakianza mkiwa njiani, vaeni vya mvua hapo hapo, wala msingojee mlowe. Yakiendelea, geukeni.

Kuhusu binti. Kupoa mara moja hakumfanyi kuwa mgonjwa wa kudumu, na kumwacha nyumbani wakati wenzake wanaenda kutamfundisha kwamba kosa lilikuwa lake. Lakini kabla ya safari mwambie mama yake ampeleke kwa daktari, na daktari aelezwe kisa chote, pombe ikiwemo. Waulize juu ya wingi wa damu, pumu, kisukari na selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Hii ya mwisho itilie mkazo, kwa kuwa baridi na kupungukiwa maji vinaweza kumwamshia mwenye selimundu maumivu makali, na wapo vijana wanaofika sekondari bila kupimwa. Ningewaombea fomu ya afya wote, si yeye peke yake. Daktari akimruhusu, na yeye mwenyewe anataka, aje. Awekwe katikati ya mstari, apewe mwenzake wa kumtazama, na sweta lake kavu ulibebe wewe.